Siku Tatu za Kompyuta Kwa Holi ya Kanisa

Mimi niliitwa niende kupika chai. Hiyo muijue kabisa kabla sijaanza, kwa sababu siku hizi watu wakinipata njiani hapa Nakuru wananisalimia "shosho wa kompyuta" na mimi nacheka mpaka leso inaanguka. Kompyuta gani? Shule niliwacha darasa la pili, wakati ng'ombe za baba zilikosa mtu wa kuzichunga huko Mau Narok. Jina langu naweza kuandika. Namba ya simu naweza kusoma. Hizo zingine nasaidiwa.

Lakini aki hizo siku tatu nilifurahi! Nilifurahi kuliko siku ya arusi yangu, na arusi yangu ilikuwa na fahali.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu, huyu wa binti yangu wa kwanza, alikuwa na kazi Nairobi, kazi ya kuandikia kompyuta maagizo. Akaiwacha. Akarudi nyumbani na begi mbili za nguo na katoni tatu za mashine nzee nzee ambazo kazini walikuwa wanataka kutupa. Mama yake akashika kichwa. "Umewacha kazi ukuje kufanya nini huku?" Akasema anataka kufundisha watu wa hapa, wale hawajawahi hata kugusa. Na si kufundisha kupiga chapa barua, hapana. Anataka wajue ile lugha yenyewe ya kuongea na kompyuta. Hiyo lugha ina jina, lakini na meno nimebaki nayo, hilo jina halitoki.

Sasa, mahali pa kufundishia. Akaenda kwa mzee wa kanisa, yule anakaa na funguo za holi. Mzee ni mtu mzuri lakini hapendi maneno mengi.

"Msichana wangu," akamwambia, "kuna mtu wa kukodisha matenti anataka hii holi aweke vitu vyake. Wewe nitakupa siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi. Hiyo Jumamosi nitakuja nione na macho yangu. Nikipata watu wamekaa na kuna kitu wanafanya, holi itakuwa yako kila Jumamosi. Nikipata ni wewe na viti, naipatia mtu wa matenti."

Basi mambo ikawa hivyo. Mtoto hakula vizuri hiyo wiki. Unamwekea sahani, anageuza geuza kijiko, anasema, "Shosho, na wakikosa kuja?" Nikamwambia watakuja, nitapika. Mimi najua watu. Ukipika wanakuja.

Na walikuja! Alhamisi asubuhi watu kumi na wanne, mpaka wengine ikabidi wakae wawili wawili kwa mashine moja. Sitawaeleza wote, nitawaambia wale watatu mtasikia habari yao. Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Kaptembwo, hapa hapa Nakuru, mtu mzima ako na watoto wanne, alikuwa ametoka Naivasha ambako alipanga maua ya rosi miaka mingi kwa shamba moja, mpaka wakapunguza watu. Mikono yake ilikuwa bado na alama za miiba. Kulikuwa na kijana wa boda boda, huyo alikuja na helmeti yake na akaiweka juu ya meza kando ya kompyuta kama mgeni wa heshima. Na kulikuwa na msomi mmoja, ametoka koleji, alikuwa tayari anajua lugha ingine ya kompyuta, na alitaka kila mtu ajue anajua.

Mjukuu wangu hafundishi kama walimu wa wakati wetu, wale wa kusimama na fimbo na kuongea mpaka saa nane. Anaongea kidogo tu, halafu, "Haya, andika wewe mwenyewe. Bonyeza. Umeona nini?" Wanaandika, wanabonyeza. Anazunguka nyuma yao. Lugha yenyewe imejaa alama za kupinda, moja ya kufungua na moja ya kufunga, kama watu wamekumbatiana. Ukifungua na usifunge, mashine inakataa. Hapo nikasema hii kitu ni kama kushona kitambaa, lakini nilisema kwa roho, nilikuwa nachemsha maziwa.

Aliwaambia hivi: fikirieni mashine ya kusaga unga. Unaweka mahindi juu, unga inatoka chini. Kesho ukiweka mahindi ile ile, inatoka unga ile ile. Haiwezi ikaamka siku moja ikakupa ngano. Sasa sisi tunatengeneza mashine ndogo ndogo kama hizo, kila moja kazi yake moja, halafu tunaziunganisha. Moja inachagua, ya pili inasafisha, ya tatu inahesabu. Akaandika na chaki, akachora mishale. Kila akimaliza kitu anageuka.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, madam!"

Wote pamoja, kama kwaya. Na yeye uso wake unang'aa.

Saa saba nikawapakulia mukimo. Sasa hapo nakubali makosa. Nilikuwa nimeponda viazi na mahindi na majani ya malenge, nikamwaga na mchuzi wa nyama, na mimi siwezi kumpimia mtu mzima chakula kidogo, nitajisikia vibaya. Kijana wa boda boda alirudi mara tatu. Saa nane darasa likaanza tena na nusu yao walikuwa wanalala macho wazi. Msomi aliweka kichwa kwa kibodi na mashine yake ikaandika herufi moja ukurasa mzima. Mjukuu akaniangalia. Nikajifanya naosha sufuria.

Saa kumi, saa ya chai, ndio nikajua ukweli. Unajua mtu akiwa na kikombe mkononi na ako mbali na mwalimu, anaongea. Yule mama wa maua akanikaribia pale kwa jiko.

"Shosho, hii chai yako ni tamu. Lakini kesho sijui kama nitarudi."

"Kwa nini, mama? Si nimekusikia ukisema umeelewa?"

Akacheka, lakini si cheko ya furaha. "Ningesema nini? Huyo mtoto anajitahidi hivyo. Nikimwambia sijaelewa si ni kama namwambia hajui kufundisha?"

Kijana wa boda boda naye akasikia. "Mathe, mimi tangu asubuhi nabonyeza kile jirani anabonyeza. Yeye akipata ile nyekundu ya makosa, mimi napata nyekundu."

"Na jirani yako anajua?"

"Jirani ananiangalia mimi!"

Tukacheka, chai ikamwagika. Lakini nilipobaki peke yangu cheko ikaisha. Kwa sababu huku kwetu ndio tulivyo, na mimi ni hivyo hivyo. Daktari akikuuliza umeelewa vile utakunywa dawa, unasema ndiyo, halafu unaenda kumuuliza jirani. Ni heshima. Mwalimu ameuliza, unajibu ndiyo. Huyu wangu alikaa Nairobi sana, au alisahau. Jioni tukienda nyumbani alikuwa anaruka ruka kama mwana kondoo. "Shosho, wameelewa yote! Sikufikiria itakuwa rahisi hivi!" Ningemwambiaje? Nikasema tu, "Umefanya vizuri."

Ijumaa wakaja watu saba.

Mtoto alisimama kwa mlango mpaka saa tatu na nusu akiangalia barabara. Anaangalia saa, anaangalia barabara. Wale saba wamekaa kimya. Mama wa maua alikuwa amerudi, nikamshukuru Mungu, baadaye aliniambia alirudi kwa sababu aliniona nikibeba maji peke yangu akaona haya. Kijana wa boda boda ako, helmeti iko. Msomi ako. Wengine saba, nusu kamili ya darasa, wamepotea bila hata kusema kwaheri.

"Labda wamechelewa," akasema. Akaanza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Hiyo asubuhi alikuwa anafundisha kuchagua. Aliandika majina ya miji yetu kwa mstari: Nakuru, Molo, Naivasha, Njoro, Gilgil. Halafu akaandika kamashine ka kuchagua zile zinaanza na N. Akabonyeza. Kwa ukuta, maana alikuwa na ile taa ya kuonyesha picha kwa ukuta, ikatokea Nakuru, Naivasha, Njoro. Vizuri. Halafu akaandika jina la ule mstari wa kwanza, akabonyeza. Zikatokea zote tano. Molo ndiyo ile imekaa na Gilgil, hakuna aliyetoka.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, madam."

Hata kwaya haikuwa na nguvu. Nikamwangalia mama wa maua, anaangalia meza. Nikamwangalia kijana, anaangalia helmeti. Na nikafikiria kesho mzee wa kanisa akiingia hapa apate mjukuu wangu na viti. Sijui ni nini ilinishika. Niliweka birika chini, nikainua mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"Mimi sijaelewa."

Watu wakacheka. Mjukuu naye akatabasamu kidogo, ile ya kuchoka. "Shosho, wewe ni wa chai."

"Wa chai nimekaa hapa siku ya pili. Wewe umeuliza kama tumeelewa. Mimi sijaelewa."

Akaona sichezi. "Haya. Hujaelewa nini?"

"Umetuambia umetoa Molo. Mimi nimeona ukitoa Molo. Halafu umegeuka tena Molo iko pale. Sasa ulifanya kazi gani?"

Ai, darasa likaamka. Msomi akageuka na kiti chake kizima. "Hata mimi! Tangu jana yangu inakataa. Nabadilisha, nabadilisha, nikiangalia mstari uko vile ulikuwa. Nilifikiri mashine ni mbovu."

"Jana ulisema umeelewa," mjukuu akamwambia.

"Nilisema," akasema msomi, na akakuna shingo.

Mjukuu akaanza kueleza. Akasema kwa hii lugha kitu ukishakiandika hakibadiliki. Ukichagua, huharibu ule mstari wa kwanza, unapata mstari mpya, ule wa zamani unabaki kama ulivyokuwa. Kama unautaka ule mpya, upatie jina lake, uuweke. Msomi akauliza na kwa nini ijisumbue hivyo, si ni rahisi kubadilisha ile iko? Kwa ile lugha yake wanabadilisha tu. Mjukuu akasema kwa sababu kitu kimoja kinaweza kutumiwa na watu wengi. Akaeleza tena. Na nikaona kwa macho yao haijaingia.

Na mimi hapo, woi, moyo ulikuwa unaruka, kwa sababu hiyo kitu nilikuwa naijua! Naijua kwa aibu yangu mwenyewe.

"Ngoja," nikasema. "Ngoja niwaambie vile niliharibu viti za watu Mau Narok."

Nikawaambia. Nilikuwa bibi mpya, nimeolewa juzi tu. Wamama wa huko kwetu tulikuwa na kikundi cha kushona vitambaa vya viti, ile ya uzi na sindano yenye ndoano. Mmoja akaleta sampuli kutoka kwa shangazi yake, kitambaa kizuri, maua sita yamezunguka, hujawahi kuona. Na sisi hatukuwa na kitabu, na hata kitabu ingekuwa, nani angesoma? Ile sampuli ndiyo ilikuwa kitabu. Inakaa kwako wiki moja, unaiangalia, unashona yako, unampelekea mwenzako.

Ikafika kwangu. Nikaona pembe moja iko nyembamba. Nikasema wacha nisaidie. Nikachukua sindano nikaongeza ua moja hapo kwa pembe. Si kwa yangu! Kwa sampuli yenyewe. Na nilikuwa nafikiria nimefanya kitu kizuri, nikaikunja nikaipeleka kwa jirani.

Jirani akashona yake na ua langu, na akaona sasa upande huu umezidi, akaongeza kidogo kule chini kusawazisha. Akapeleka. Wa tatu akaongeza. Ikifika Krismasi, nyumba zote za huo mlima, viti zote, zilikuwa na kitambaa kiko na sikio moja refu. Hata kwa mchungaji! Wageni walikuja kutoka Njoro wakafikiri ni mtindo wa kanisa letu. Na tulipokaa chini tuseme turudi kwa ile ya kwanza, hakuna hata mtu mmoja alikumbuka ya kwanza ilikuwaje. Ilikuwa imepotea. Kila mtu alikuwa ameshika yangu.

"Shangazi wa yule mama alikuja kuiona," nikawaambia. "Alilia. Kutoka siku hiyo tukaweka sheria. Sampuli inakaa ndani ya plastiki. Unaiangalia na macho. Ukitaka ua la saba, shona kitambaa chako na ua la saba, na hata kinaweza kuwa sampuli ya mwenzako. Lakini ile ya kwanza haiguswi."

Holi yote inacheka. Kijana wa boda boda amepiga meza mpaka helmeti ikaanguka. Lakini mjukuu wangu hacheki. Amesimama na chaki, mdomo wazi.

"Shosho," akasema, "hiyo ndiyo nimekuwa nikijaribu kusema tangu jana."

"Basi Molo ni ile ya plastiki!" akasema mama wa maua. Akasema kwa nguvu, halafu akafunika mdomo. Halafu akaufunua tena. "Madam, wacha niseme ukweli. Mimi sikuwa nimeelewa. Kutoka asubuhi ya jana, neno la kwanza. Sikutaka kukuaibisha."

"Hata mimi," akasema kijana.

"Na mimi," akasema mwingine kule nyuma.

Mjukuu akaweka chaki chini polepole, akatoka nje. Nikamfuata. Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, amenigeuzia mgongo. Nikajua amelia.

"Ulijua jana, shosho?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia nimefanya vizuri."

Nikamwambia ukweli, nilikuwa naogopa kumharibia furaha. Akasema, "Wale saba wameenda na mimi nikirukaruka kwa barabara kama mjinga." Hiyo iliniuma. Na ni kweli, kama ningefungua mdomo Alhamisi jioni labda tungewapata. Halafu akafungua mfereji, akanawa uso, akajipangusa na leso yangu.

"Kwaya imeisha," akasema. Akaingia ndani, akachukua kitambaa akafuta ubao wote, hata ile mishale mizuri ya jana.

Kutoka hapo hakuuliza tena kama wameelewa. Hata mara moja. Alikuwa anawapa karatasi. Anasema, kabla hujabonyeza, andika na kalamu kile unafikiria kitatokea. Halafu bonyeza. Ikiwa ni tofauti, usifute, niite. Hapo huwezi kudanganya, karatasi iko na skrini iko. Na mtu alikuwa anaitwa! "Madam, hapa!" "Madam, yangu imekuja tofauti!" Walikuwa wanasema kwa sauti, bila aibu, kama watu wanaita mwenye duka. Na wanaangaliana karatasi na kuchekana. Kijana alishindana na msomi ni nani atakosea zaidi, na msomi akashinda.

Mama wa maua akaambiwa achague kitu anachojua, aandike mstari wake mwenyewe. Akafikiria. Akaandika urefu wa rosi. Kwa ile shamba, akatueleza, maua yakitoka yanapimwa urefu wa kijiti: sentimita arobaini hapa, hamsini pale, sitini na sabini ni za kwenda mbali kwa ndege. Mikono yake ilikuwa inaonyesha hewani, moja huku, moja kule, haraka haraka, ungefikiri maua yako pale. Akaandika nambari zake na kidole kimoja, polepole, kama mtu anatafuta mawe kwa mchele. Akaandika kamashine kake ka kuchagua za sitini kwenda juu. Alama ya kufunga alisahau mara mbili. Kwa karatasi ameandika itatokea sitini, sabini, sitini. Akabonyeza.

Ikatokea sitini, sabini, sitini.

Halafu, hakuna aliyemwambia, akaandika jina la mstari wa kwanza akabonyeza tena. Zote ziko, hata za arobaini.

"Ziko!" akapiga kelele. "Hazijatupwa! Kule tukichagua zile fupi zilikuwa zinatupwa, hapa ziko zote!"

Nilimwaga machozi mimi, kwa chai ya watu.

Jumamosi kijana wa boda boda akafika na abiria wawili nyuma, wawili kati ya wale walipotea. Alikuwa amewafuata mpaka kwao. "Nimewaambia hapa unaruhusiwa kuwa mjinga," akasema. Kwa hivyo tukawa tisa. Na saa nne mzee wa kanisa akaingia. Si peke yake! Ameleta mtu wa matenti, na huyo mtu ameleta kamba ya kupimia. Akaanza kupima ukuta huku watu wanasoma. Mjukuu wangu aliona. Chaki ilimvunjikia mkononi, lakini hakusimama.

Siku hiyo ilikuwa kazi ya kurudia. Unachukua wa kwanza kwa mstari, unamfanyia kazi, halafu wale wamebaki unawafanyia vile vile, na vile vile, mpaka waishe. Kijana alikuwa amechagua stage yao ya boda boda, pale wanangojea abiria. Majina ya waendeshaji kwa foleni, mashine inaita wa kwanza aende na abiria, halafu inaita foleni iliyobaki. Amejaa raha, akamwita mzee. "Mzee, kuja uone stage yetu!"

Mzee akaja, akainama. Mtu wa matenti naye akaja na kamba yake. Kijana akabonyeza.

Majina yakashuka mmoja mmoja. Anayefuata fulani, anayefuata fulani. Yakaisha. Na mashine haikusimama. Anayefuata, hakuna jina. Anayefuata, hakuna jina. Anayefuata, anayefuata, skrini yote inakimbia kama maji, na ile feni ya ndani ikaanza kulia vuuuu.

"Imeharibika," akasema mtu wa matenti.

Mzee akanyooka. Akamwangalia mjukuu wangu. Na mimi nikamwangalia mjukuu wangu, nikisema kwa roho, enda umsaidie, gusa hiyo kitu, mzee anaangalia! Hakuenda. Alisimama pale alipo na mikono imefungwa, akauliza darasa, "Nani anaona ni nini?"

Feni inalia.

Mama wa maua akasimama akaenda nyuma ya kijana. Akaangalia sana. "Wewe," akamwambia, "stage ikibaki tupu, inaita nani?"

"Inaita... haiiti mtu."

"Umeiambia hivyo?"

Kijana akashika kichwa na mikono miwili. "Sijaiambia!"

"Sasa itajuaje? Itasimama hapo ikiita upepo mpaka kesho."

Mzee wa kanisa akacheka. Mimi kwa miaka yote sijawahi kumwona akicheka ndani ya holi. Kijana akasimamisha mashine, akaandika mstari mmoja juu, kwamba foleni ikiwa tupu, nyamaza. Alama ya kufunga, mama akamwonyesha. Akabonyeza. Majina yakashuka, yakaisha, ikatulia. Darasa zima likapiga makofi, hata mtu wa matenti, na kamba ikiwa kwapani.

"Vizuri sana," akasema mzee. Akasimama katikati, kama mtu anataka kufunga mkutano. "Kwa hivyo hii maneno yote mmeelewa."

Walitazamana. Nikafunga macho. Nikasema kwa roho, mwitikieni tu, leo tu, mwitikieni ndiyo.

"Hapana, mzee," akasema mama wa maua, kwa heshima sana, mikono mbele. "Tumeelewa nusu. Labda hata si nusu. Hii ya kurudia mimi nimeiona leo kwa huyu, sijui kama kwangu nitaiona. Tunataka kurudi."

Mzee alizunguka meza, akaangalia karatasi zao, zile za kuandika kabla ya kubonyeza, zimejaa makosa na mistari ya kukata. Aliinua moja, akaiweka. Akamwita mtu wa matenti kando, wakaongea wakionyeshana ukuta. Halafu akamwita mjukuu wangu pale mlangoni, na mimi nikajisogeza na sahani ya mandazi nisikie vizuri.

"Matenti yatakaa ukuta ule wa nyuma," akasema, "na viti vyake pia. Yeye anasema hana haja na nafasi yote. Mtafinyana. Na kama kuna matanga au arusi Jumamosi, siku hiyo hamko. Lakini zile zingine, chukua."

Akatoa ufunguo kwa mfuko wa koti akampa. Mtoto aliushika na mikono miwili. Mzee akamgonga bega, akaenda.

Akageuka awaambie. Lakini wao hawakuwa wanamwangalia. Wameacha viti vyao wote, wamejaa kwa meza ya mama wa maua, naye anaandika ya kurudia kwa rosi zake, na wanabishana. Msomi anasema wa kwanza ni huyu, kijana anasema wacha aandike mwenyewe kwanza, mwingine anauliza na zikiisha, na zikiisha je? Mjukuu akafungua mdomo.

Nikamshika mkono. "Wacha kwanza," nikamwambia. "Hajabonyeza."